Gari dogo lililoniyeyukia Changamwe

Assalam aleikum wakuu. Na wasiokuwa Waislamu, hamjambo nyote.

Nimesoma uzi wa yule kijana anayetengeneza vigari na viboti vidogo kwa mashine. Abonyeza kompyuta, kipande chatoka. Mashallah. Picha zake nimezitazama mpaka simu ikaisha chaji.

Nami nina changu cha kusema, na sitatia chumvi. Mwenye haraka apite tu. Mimi mzee, naandika kwa kidole kimoja.

Haya.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza. Mimi kijana wa Bofu, Likoni. Mamangu alifariki, nyumbani akaingia mke mwingine wa baba, nikaona bora nitoke kwa wema kabla sijatolewa. Nikapanga chumba Changamwe. Kazi yangu ilikuwa kupaka magari rangi, kwenye gereji ya Muhindi mmoja kando ya barabara kuu.

Majirani zangu wote walikuwa watu wa bara, wa reli na wa bandarini. Watu wema, sikatai. Lakini ikifika jioni kila mmoja huketi na wa kwao wakazungumza lugha yao.

Mwenyeji wa Mombasa ni mimi, na mgeni ni mimi. Wacheni kucheka. Upweke nilioupata pale sikuupata tena, hata nilipofiwa na mke wangu.

Ndipo nikaanza viboti. Mbao za makasha ya chai, kisu, msasa, basi. Nilipenda zaidi tagi, zile boti fupi nene zinazovuta meli kuingia Kilindini. Nikizimaliza naziweka dirishani rangi ikauke, maana sina wa kumwonyesha.

Siku moja kijana akapita, akasimama, akatia kichwa dirishani bila hata hodi. Akaniambia dohani ya tagi yangu, lile bomba la moshi, ni ndefu mno.

Nikamwambia aende zake. Hakwenda. Akasema yeye ni baharia, tagi zile huziona kutoka juu kila safari, na dohani ndefu vile ingenaswa na kamba. Tukabishana mpaka adhana ya Magharibi. Dohani nikaikata.

Huyo ndiye Kassim, mtu wa Kisauni. Alikuwa amekuja kumwamkia shangazi yake, aliyekaa mbali kidogo na pale kwangu.

Tangu hapo, meli yake ikitia nanga ataenda kwao kumsalimu mamake, kisha huyo Changamwe na boksi kwapani. Ndani mna vipande vya plastiki, vya gari au vya boti, kanunua huko ng'ambo. Nyinyi mnaita kit. Sisi huku hatukuwahi kuviona.

Yeye alikuwa fundi wa kuunga, mkono mwepesi ajabu. Mimi fundi wa rangi, natumia vikopo vidogo alivyovileta pamoja na boksi. Twakaa meza moja, yeye huku, mimi kule, twabishana.

Na wala hatukufuata picha ya kwenye boksi. Kassim alisema gari ukiliacha kama lilivyotoka dukani, basi hilo ni gari la mwenye duka. Paa twalikata twalishusha. Boneti twaitupa injini ikae wazi. Nyuma magurudumu makubwa, mbele madogo. Haya mnayoyaita hot rod, sisi tuliyaita magari ya wendawazimu.

Mwenye nyumba akapita siku moja akauliza vipi watu wazima wacheza na vigari vya watoto. Kassim akamjibu kwamba kama vile anavyotupangisha ni vyumba, basi na haya ni magari. Kodi iliponea chupuchupu kupanda.

Safari moja meli ikaitwa mapema. Gari lilikuwa tayari, kila kitu, limebaki rangi tu. Kassim akaniachia. Akasema, "Lipake jekundu. Nikirudi tutalimaliza."

Wakuu, vile vikopo vidogo vilikuwa vimekwisha. Na kule gereji nimetoka kupuliza gari la bwana mmoja, jekundu lililokolea, na rangi imebaki. Fundi wa magari atataka nini zaidi ya hapo?

Jumamosi mchana, tajiri kaniachia ufunguo kaenda zake. Nikachanganya rangi na thina, nikapuliza. Likang'aa. Nikarudia mkono wa pili. Kisha nikalitoa juani likauke, kama tufanyavyo magari ya kweli.

Wanaojua washashika kichwa.

Thina inakula plastiki. Mimi hilo hakuna aliyenifunza. Gari nililolijua ni la chuma.

Nimekwenda kunawa mikono, narudi nalikuta limekunjamana kama malai, ule utando wa juu ya maziwa. Paa limeinama, mlango mmoja umeingia ndani. Nikalikimbiza kivulini, nikalipepea kwa gazeti. Nililipepea, jamani, kama napepea mgonjwa. Wapi.

Nikalia. Mwanamume mzima, ndani ya gereji tupu. Kassim ndiye aliyekuwa mtu wa pekee anayevuka mji mzima kuja kwangu, na kinachomleta nilijua ni vile vigari. Nikajiambia akirudi akalikuta hivi, hatakuja tena.

Basi nikaamua kulitengeneza upya, asijue kuna lililoharibika.

Plastiki sina, bati la debe la mafuta ninalo. Lile gari nikalipima pale palipobaki pazima, kwingine nikakisia. Nikakata, nikakunja, nikalehemu. Spoki za baiskeli zikawa mabomba ya injini, meno ya kitana yakawa grili, ngozi ya kiatu kikuukuu ikawa viti. Likitoka baya nalivunja naanza tena.

Ikapita miezi. Nikisikia meli imeingia naulizia kwa majirani zangu makuli, wananiambia bado. Bati na thina hazina ugomvi, kwa hiyo rangi ilikaa vizuri mno. Si kujisifu, lakini lilitoka zuri kuliko lile la kwanza.

Kassim akarudi wakati wa masika. Nikamwekea gari la bati mezani.

Akalichukua, akazungusha magurudumu, akatabasamu. Kisha akaligeuza chini juu, akaona nilipolehemu. Lile tabasamu likamwondoka.

"Letu liko wapi?" akaniuliza.

Nikamweleza yote, thina, jua, gazeti. Nikalitoa lile bovu chini ya kitanda, nilikuwa nimelifunga kitambaa. Akalipokea kwa mikono miwili, akakifungua kile kitambaa.

Akaniambia kule melini analala chumba kimoja na watu wasioelewana lugha. Usingizi ukimpaa huliunga lile gari upya kichwani, kipande baada ya kipande, nami nimeketi upande wa pili wa meza nambishia.

"Hili lako zuri, wallahi," akasema. "Lakini hukunihitaji. Mimi nachukua hili letu."

Siku ile boksi alilokuja nalo hatukulifungua. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za mamake, akaaga. Lile gari lililokunjamana akalitia mfukoni mwa koti. Nilimsindikiza mpaka barabarani.

Meli yake ikang'oa nanga wiki hiyo hiyo. Baadaye makuli wakaniambia aliteremka bandari moja ya Ulaya akabaki huko huko. Hakurudi.

Uhuru ulipokuja Changamwe nzima ilitoka kucheza. Nami nilitoka, nikacheza, nikashikana mikono na majirani zangu wa bara, tukaitana ndugu. Kisha nikarudi chumbani, na lile boksi aliloliacha Kassim liko pale pale mezani. Nililifungua miaka mingi baadaye nikaliunga peke yangu. Hata sikumbuki lilikuwa boti ya aina gani.

Nilichojifunza ni hiki. Kitu mlichokifanya wawili kikikuharibikia, usikimbilie kukitengeneza peke yako. Mngoje mwenzio, hata kama waona haya. Pengine hicho kibovu ndicho anachokitaka.

Gari la bati ninalo, liko ndani ya kabati la vioo. Wageni wakija hulisifu, wajukuu hugombania kulishika. Mimi ningelitoa bure leo hii nipate lile lililoyeyuka.

Nani kati yenu aliwahi kutengeneza kitu na mwenzake, na huyo mwenzake yuko wapi sasa? Andikeni, msione uzi wangu mrefu mkapita. Nitasoma yote. Wakati ninao.