Rafiki wa Pamba

Bwana shamba huingia kwenye pamba akinyanyua miguu kama kuku kwenye tope, na jani hulifunua kwa ncha ya kalamu, kidole kisije kikachafuka. Kila Jumanne husema yaleyale kwa sauti ya mahubiri: "Mama, usipulizie sumu ovyo. Hesabu viwavi kwanza. Wadudu rafiki waache watufanyie kazi." Mama mwenye shamba, ambaye msimu mzima bomba lake la kupulizia liko stoo na roho yake iko mkononi, huitikia tu. Leo rafiki mmoja, mwekundu wa madoa meusi, alitua kwenye kola ya mwalimu huyo. Bwana shamba aliruka, akamkung'uta kwa daftari, akamsaga kwa kiatu.

"Una dawa hapa?" akauliza akihema.

"Ipo, bwana shamba," mama akajibu. "Lakini tuhesabu kwanza."