Kigoda Kilichomkabili Mama

Kila Jumamosi nilimtoa mama kijijini Karurumo kwa kigari changu, nikamfikisha kituo cha sanaa kule Majimbo, mjini Embu, nikamwacha na watu waliomfaidi kuliko nilivyowahi kumfaidi mimi. Ndivyo nilivyoona, na sitajifanya niliona vingine.

Kituo chenyewe kilikuwa ghala la kahawa zamani. Chumba kimoja vijana walipiga ngoma, kingine walichora, na ukumbini ndiko kulikuwa na kazi iliyowakusanya wote: pazia la jukwaa, la makonge, lililosukwa kama kikapu cha kiondo. Kila nyumba iliyotaka ingesuka utepe wake, kisha tepe zote zishonwe pamoja. Akina mama wa Mbeere walileta makonge, wenye kahawa wakaleta kuni za kuchemshia rangi, na makarani wa mjini waliketi mkekani wakisokota uzi pajani mpaka ngozi ikawasha. Mama ndiye aliyewafundisha. Wote walimwita shosho, bibi yao.

Isipokuwa mmoja, aliyemwita mami. Alikuwa msichana wa Timau, aliyekata maua kwenye mashamba ya kule kwenye baridi kabla ya kuhamia Embu kutafuta kazi nyingine. Na alikuwa wa mkono wa kushoto, kama mimi.

Hapo ndipo paliponiuma. Nilipokuwa mtoto, mama alinikalisha ubavuni pake anifundishe kusuka, nami nikafanya kila kitu kinyume. Alinigeuza mikono, nikairudisha. Mwishowe alichukua uzi wake akaniambia nikasome vitabu tu. Nikasoma. Nikapata kazi, nikapata gari, mvi zikaanza kuniota, na muda huo wote nilikuwa bado nataka mama anifundishe. Huyu amekuja juzi, na anafundishwa.

Tena namna alivyofundishwa! Wengine mama aliwakalisha ubavuni. Yeye aliwekewa kigoda mbele yake, uso kwa uso, magoti karibu yagusane. Mama akipeleka mkono wa kulia, msichana anapeleka wa kushoto, mikono inakwenda upande mmoja. Walikuwa wakicheka. Mimi nimekaa mlangoni na simu, najifanya nasoma ujumbe wa kazini, naomba kimoyomoyo utepe wake ufumuke. Haukufumuka.

Jumamosi moja nilimpelekea mama uji wa wimbi kwenye thamosi. Alikunywa kikombe kimoja, kilichofuata akampa msichana. "Asante, mami," msichana akasema. Nikamwambia, kwa upole kabisa, kwamba huyo mami ana watoto wake.

Msichana akaweka kikombe chini. "Pole, dada," akasema. "Sikujua ni mbaya."

Kuniita dada ndiko kuliniudhi zaidi.

Tukirudi nilijikaza mpaka tulipokaribia nyumbani. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza kwa Kiembu, macho barabarani, kwa nini mtoto wa watu amepewa kitu nilichonyimwa mimi mwanawe wa kumzaa.

"Sikukunyima, sikujua," akasema. "Ulipoenda bweni nilibaki nikijiuliza, mkono kama wako hufundishwa vipi? Siku moja nikasuka mbele ya kioo cha kabati. Yule wa kwenye kioo alikuwa anatumia kushoto. Nikajua ningekuweka mbele yangu, si kando."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa umeshakuwa mtu wa ofisi. Nikangoja uniulize."

Na mimi miaka yote nilingoja aniite. Nilisimamisha gari langoni nikashindwa hata kushuka kumfungulia mlango. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia. Njia ya kunifundisha mimi aliitafuta kwa ajili yangu, na wa kwanza kuifaidi akawa mtu mwingine.

Jumamosi iliyofuata niliacha simu kwenye gari. Msichana aliponiona naingia moja kwa moja mpaka mbele, aliinuka mwenyewe akaniachia kigoda. Sikumshukuru. Niliketi, magoti yangu yakagusa ya mama, naye akanipa nyuzi. Nilisuka vibaya, nikafumua, nikasuka tena, na siku ile nilikuwa mtoto kabisa.

Siku ya kuunganisha pazia, ukumbi ulijaa hadi nje. Tepe moja moja zilipata jirani, wangu haukupata. Mishono ya wengine karibu wote ililalia kulia, yangu ililalia kushoto, na popote uliposhikizwa ulilivuta pazia likapinda. Mama aliuzungusha huku na huku, kisha akauweka kando ya utepe wa msichana wa Timau, uliokuwa bado haujashonwa. Ukatulia. Hapakuwa na mwingine ulioelekea upande huo.

Akatukabidhi sindano mbili. Msichana alianzia juu, mimi nikaanzia chini. Tulipokutana katikati akageuka kumwita mama aje aone.

"Mami," akaita. Kisha akanikumbuka, akakatisha sauti, akanitazama.

Bado iliniuma. Hata leo akimwita hivyo inaniuma.

"Ita tena," nikamwambia. "Hajasikia."