Niliiplastifiye karné ya chanjo ya mbwa wa Mama, boti ya Kigoma ikamwacha

Wakuu, habari za majukumu. Naanza na kosa langu, maana nikilificha uzi wote utakuwa uongo: karné ya chanjo ya mbwa, yaani kadi yake, niliiandika upya kwa mkono wangu, nikaiplastifiye kwa kuifunika plastiki, ile ya asili nikaichoma.

Sikuwa na nia mbaya. Subirini.

Nipo Kalemie, upande wa Kongo, nina kibanda cha fotokopi karibu na gare ya treni. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kuiharibu. Ugonjwa wangu mmoja: karatasi chafu inaninyima raha. Na hapa kwetu, karatasi isiyofunikwa plastiki haimalizi mvua mbili.

Dada yangu yuko Kigoma, alikuwa karibu kujifungua. Mama avuke ziwa akamsaidie. Mama akasema sawa, ila na Sukari. Huyo ni mbwa wake, jike, rangi ya chai ya maziwa. Tangu Papa, mume wake, afariki ndiye analala mlangoni pake.

Nikazama online, nikasoma masharti mpaka macho yakauma. Achanjwe kichaa cha mbwa, mwezi upite kabla ya safari, mwaka usiwe umeisha. Kisha cheti cha afya kutoka biro ya mifugo, na kibali cha Tanzania.

Kibali kilitoka; cheti kingetolewa bandarini. Sukari alikuwa na miezi minne tangu achanjwe. Tulikuwa ndani ya sheria kabisa.

Shida karné yenyewe. Daktari ana mwandiko wa kuku, na lebo ya chupa ya dawa aliibandika upande. Nikaona aibu Watanzania waione vile. Nikanunua mpya, nikanakili kila kitu kwa kalamu moja, nikaifunika plastiki, pembe nne zimelingana.

Siku ya boti, pale bandarini, mzee mbele yetu alipita na mbuzi watatu. Karatasi yake imekunjwa mara nane, ina mafuta ya mawese. Ikapigwa kashe, muhuri wa serikali. Nikajisemea, yangu watashangilia.

Ofisa wa mifugo, mama wa makamo, akaigeuza yangu taratibu. Akapiga kashe juu ya plastiki, akapitisha kidole gumba. Wino wote ukahamia kidoleni.

"Mutoto yangu, hii karné iko muzuri kupita zote nimeona. Njo shida yake. Nani aliandika?" ("Njo" kwetu ni "ndiyo".)

Wakuu, mimi nikidanganya masikio yanawaka. Nikasema mimi.

Akauliza ya asili. Nikamwambia nimeichoma. Daktari naye alishahamia Lubumbashi, simu haipatikani.

Hakunifokea. Alisema mbwa asiye na uthibitisho, kwake ni mbwa asiyechanjwa: arudie sindano, asubiri mwezi. Nikamwonyesha Sukari alivyo mzima. Akajibu kwamba ugonjwa huu unaweza kujificha wiki nyingi huku mbwa anacheza na watu, na dalili zikishamtoka mtu, karibu hakuna anayepona.

Sasa Mama alikuwa ameapa: Sukari asipopanda, naye hapandi. Boti inamalizia kupakia. Dada anapiga simu, sauti ya uchungu.

Mama akanitazama, akaniwekea kamba ya mbwa mkononi.

"Hata mbwa umemutengenezea diplome," akasema. "Basi wewe njo mama yake."

Akapanda. Hakugeuka, na najua kwa nini: angemwona Sukari, angeshuka.

Mwezi ule Sukari alishinda kibandani, amelala juu ya katoni za karatasi. Alichanjwa tena, karné mpya sikuigusa hata kuinyoosha. Mama alipiga kila asubuhi, akaniambia habari za mjukuu, lakini aliyeulizwa kwanza ni mbwa.

Muda ulipotimia, yule ofisa akapiga kashe, moja ikapinda. Vidole viliniwasha. Nikavitia mfukoni.

Kigoma waliisoma dakika mbili tu. Mama alikuwa nje ya geti, mjukuu mgongoni. Sukari alinivuta mpaka nikaangusha begi. Mama akachuchumaa, akamshika kichwa.

"Umekonda," akasema. Hakuwa anasema na mimi.

Nilichojifunza: karatasi ya serikali haitakiwi kupendeza, inatakiwa ionyeshe mikono ya waliohusika. Ukiwa na mbwa wa kuvusha, nenda biro ya mifugo miezi miwili kabla, uulize mwenyewe, maana masharti hubadilika.

Mliovusha wanyama kupitia Uvira au Bujumbura, huko walitaka nini? Na nilipokosea, nirekebisheni, nimeshazoea.

Mimi siku hizi mteja akileta karné ya chanjo, namtolea fotokopi tu. Plastiki nakataa.