Picha Iliyoganda Kwenye Kioo

Kazi yangu hapa Homa Bay ni kupigana na unyevu. Chumba tunachotunzia picha na karatasi za zamani hakiko mbali na ziwa, na ziwa halina adabu: linaingia dirishani, mlangoni, hata kwa nguo za wageni. Tuna mashine ya kukausha hewa inayonguruma kutwa, na kipimo cha unyevu ukutani.

Siku mama alipoileta picha ya kaka yangu kutoka Sori, nilishtuka. Alikuwa ameizungushia fremu selotepu pande zote ili unyevu usiingie. Maskini mama! Unyevu ulikuwa ndani tayari, akaufungia humo pamoja na mwanawe. Uso wa kaka ulikuwa umegandamana na kioo, ukungu umetanda juu yake. Nikajaribu kuipiga picha kwa simu, nikapata wingu tupu.

Hatukuwa na nyingine. Shimo la dhahabu kule Macalder lilimporomokea kaka, na mwili haukupatikana. Kwa desturi yetu tukazika tunda la mti wa yago badala ya mwili. Watu walilia sana. Mama hakutoa hata chozi. Alisema yeye hakuzaa tunda. Majirani wakamsema, na mimi nikamkasirikia.

"Mtoe humo, nyathina," akaniambia sasa, yaani mwanangu. "Lakini usimrarue."

Picha kama hiyo ukiivuta, uso unabaki kwenye kioo. Nikabandua selotepu, nikaiacha chumbani ikauke polepole, wiki baada ya wiki. Kila Jumapili mama alipiga simu: "Ametoka?" Ai, swali hilo lilinichosha! Hatimaye nikapitisha kisu chembamba kati ya picha na kioo. Mdomo na kidevu vilibaki kwenye kioo. Macho yalitoka mazima.

Mama akaja. Nikamwonya asiiguse, asiipumulie. Akaitazama kwa muda.

"Ndiye," akasema.

Kisha akapiga nduru ambayo sijawahi kuisikia kwake, machozi yakimlowesha mpaka kifuani. Chumba ni kidogo. Mshale wa kipimo ukaanza kupanda. Nilijua hewa ile ingeirudishia picha ukungu, na kwamba mtu mwingine yeyote ningeshamtoa nje. Woi, ningemtoaje mama?

"Lia, mama," nikamwambia. "Mlilie tu."