Muuza Makala wa Murara na Tanuru la Umeme

Mchana ule wa Januari 2002, volkano iliposhuka hadi katikati ya Goma, watu wa Murara waliokimbia na magodoro kichwani walimkuta Nyiramahirwe amesimama mbele ya ghala lake la makala, yaani makaa ya kupikia, akigombana na lava. Alikuwa akiifokea kwa Kinyarwanda, akiiambia ipite upande wa pili kwani huku kuna mali ya mjane. Lava haikumsikiliza. Iliingia ghalani taratibu, magunia yakashika moto, na hapo ndipo mwenyewe alipomshika binti yake Umwiza mkono wakakimbia na wengine.

Waliporudi, makala yalikuwa bado yanawaka chini ya mawe. Akina mama wa mtaa wakaanza kuja kuchomea viazi pale.

"Mama Umwiza, leo umepikia mji muzima!" walimtania.

Alitaka kulia, akajikuta anacheka. Akaomba kiazi kimoja, akala, kisha akaenda kutafuta mahali pa kuanza tena.

Alikuwa mzaliwa wa vilima vya Rumangabo, huko Rutshuru. Mumewe alifia katika vita ya kwanza ya Kongo, naye akaja Goma na mtoto mgongoni na magunia machache ya makala. Biashara hiyo ndiyo aliyoijua. Aliwajua wachomaji wa msituni, madereva wa malori, na wenye bunduki waliofunga njia kwa kamba na kudai chao. Baada ya lava alijenga ghala jipya juu ya lava ile ile iliyoganda kuwa jiwe jeusi, na miaka ilivyokwenda akawa na wateja wengi kuliko kwanza.

Mteja wake mkubwa alikuwa Papa Bashige, mtu wa Bukavu aliyekuwa na fonderi yake katika mtaa wa Majengo. Hapo chuma chakavu kiliyeyushwa na kumiminwa katika kalibu za mchanga, kikatoka kimekuwa majiko, vifuniko vya mitaro na magurudumu ya mashine za kusaga unga. Tanuru lake lilikuwa refu kama mtu na nusu, la matofali, likipulizwa na feni iliyopiga kelele. Lilikula makala kama ng'ombe anavyokula majani. Siku za kazi moshi ulipanda hadi majirani wakaanua nguo, na Bashige alizunguka humo ndani mweusi kama chungu, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kutisha.

"Mama Umwiza," alimwambia kila alipoleta mzigo, "weye na mimi ni kama mutu na mukewe. Mumoja akikufa, mwingine anakufa."

"Usiseme hivyo mbele ya Mama Mwavita," alijibu Nyiramahirwe, kwa kuwa Mwavita, mke wa Bashige, hakuwa mbali, na mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kufua nguo za mumewe.

Jambo lililombadilisha Nyiramahirwe halikuwa hotuba ya mtu. Alikwenda Rumangabo kuzika shangazi yake, akapanda kile kilima alichokuwa akichezea utotoni, akakikuta kina upara. Hata mti wa kukalia chini yake haukuwapo. Alisimama juani akaona aibu, maana alijua ile miti ilikwenda wapi. Ilipita ghalani kwake. Alirudi Goma, siku nzima hakufungua ghala, na Umwiza akadhani ni msiba.

Wakati huo umeme wa maji kutoka Rutshuru ulikuwa umeanza kuingia Goma, na mafundi chuma wa Majengo waliunda ushirika. Walisikia kwamba Kampala kuna tanuru la umeme la mtumba, lenye kuyeyusha chuma bila makala hata kidogo. Katika mkutano wa ushirika, aliyesimama kwanza kuliunga mkono alikuwa muuza makala.

Bashige nusura aanguke kwenye kiti. "Mama! Weye njo unataka kuzika makala? Utakula nini?"

"Nitakula kile mutakula nyinyi. Niandikeni mwanachama."

"Moto bila moshi! Ni kama misa bila kuimba."

"Vile unaimbaka weye, muzee, misa ingepona."

Mkutano ulicheka hadi mwenyekiti akapiga meza. Nyiramahirwe aliuza makala yaliyobaki na malango ya ghala, akatia vyote katika ushirika. Tanuru likaagizwa.

Liliwasili mpakani Bunagana mwezi Juni 2022, na siku chache baadaye waasi wakauteka mji huo. Tanuru likakwama katika uwanja wa forodha, na wenye forodha wakawa wamekimbilia Uganda. Barabara ya kwenda Goma ikafungwa, na makala ya Rutshuru nayo hayakupita tena. Bashige alilisha tanuru lake mabaki hadi likazimika. Akakaa mlangoni mwa fonderi, mikono mapajani, bila kuimba. Majirani walisema ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko moshi.

"Naenda kulichukua," alisema Nyiramahirwe.

"Kwa waasi? Watakuua."

"Kule ni kwetu. Wakitaka kuniua, wataniua kwa Kinyarwanda, nitaelewa."

Hakwenda kwa barabara ya vita. Alivuka mpaka kuingia Gisenyi, akapita Rwanda hadi Kisoro ya Uganda, akaingia Bunagana kwa mguu akiwa na karatasi za ushirika kifuani. Kwa mdomo alikuwa shujaa, lakini aliomba kwanza kukaa juu ya tairi kabla ya kusema neno.

Kamanda kijana aliyeshika uwanja ule alilizunguka tanuru. "Mama, hii ni mashine ya nini?"

"Ya kuyeyusha chuma, afande."

"Chuma cha bunduki?"

"Bunduki munazo nyinyi zote. Sisi tunatengenezaka majiko na magurudumu ya mashine ya kusaga."

Askari mmoja alicheka, kamanda akamkazia macho. Nyiramahirwe alifikiri ameshakufa. Lakini kati ya watu waliokuwa wakingojea waasi wawagongee mihuri ya kuvuka mpaka alikuwamo mwanamke wa hapo, Donatille, aliyekuwa na mashine ya kusagia mahindi. Kombora lilikuwa limeangukia nyumba yake, gurudumu la mkanda likapasuka, na tangu hapo wanawake wa Bunagana walibeba mahindi hadi Uganda kusaga.

"Umesema magurudumu?" aliuliza Donatille. "Unaweza kutengeneza langu?"

"Nipe vipande vyake nibebe. Nitakuletea jipya."

Donatille akamgeukia kamanda. "Afande, askari wako wanakulaka bugali sawa na sisi. Hii kitu ikibaki hapa itaota kutu tu, na sisi wote tutatafuna mahindi kama mbuzi. Muache mama aende."

Wanawake wengine wakadakia, kila mmoja na lake, hadi uwanja ukawa kama soko. Kamanda akainua mikono. "Bon! Lirudi kule lilitoka. Barabara ya Goma imefungwa. Na lile gurudumu nisisikie halikuja!"

Basi tanuru likarudi Uganda juu ya lori, likazunguka Rwanda, na Nyiramahirwe akaingia nalo Goma amekaa kando ya dereva, vipande vya gurudumu miguuni. Mtaa mzima wa Majengo ulitoka nje kumpokea. Bashige alimkumbatia hadi kitambaa cha kichwa kikaanguka.

Siku ya kuliwasha, Bashige alikuja na shati jeupe la misa. Alilizunguka tanuru, akainama, akachungulia.

"Moto uko wapi?"

"Ndani ya chuma chenyewe," alisema Nyiramahirwe, ambaye alikuwa amefunzwa na fundi aliyekuja kutoka Kampala kulifunga.

Lilinguruma kidogo, kama mzinga wa nyuki. Vipande vya breki za malori vikawa vyekundu, vikawa vyeupe, vikalegea kama uji. Walipomimina mara ya kwanza, kalibu ikalia pwaa, chuma kikaruka, kila mtu akakimbia.

"Nilisema!" alipiga kelele Bashige kutoka nyuma ya ukuta, karibu afurahi. "Haina adabu!"

"Muzee, mchanga umelowa. Mvua ya jana. Nani aliuacha nje?"

Bashige alitazama mchanga, akatazama juu, akakuna kichwa. "Labda mimi."

Walikausha mchanga, wakamimina tena. Safari hii chuma kilitulia. Walipovunja kalibu, gurudumu la Donatille lilikuwa zima, laini, bila tundu. Wakati wengine wakilishangilia, Mwavita alikuwa akimtazama mumewe. Alimshika shati, akaligeuza mbele na nyuma, kola na mikono. Lilikuwa bado jeupe. Vigelegele alivyopiga vilisikika hadi Murara.

Gurudumu lilipelekwa Bunagana kwa njia ile ile ya mzunguko. Donatille alirudisha salamu na mfuko wa unga.

Mwaka 2025, vita ilipoingia Goma yenyewe, umeme ulikatika na watu wakalala chini ya vitanda. Risasi zilitoboa mabati ya fonderi. Mji ulipotulia, fundi mmoja alipendekeza walijenge tena tanuru la makala. Aliyekataa kwa ukali kabisa alikuwa Bashige.

"Mimi kurudi kwa moshi? Mama Mwavita atanifukuza. Tungojee kuran, umeme utarudi."

Wakangojea, wakipanga vyuma na kubishana. Asubuhi moja taa ya mlangoni ikawaka, na vijana wakaruka kama waliofunga bao. Nyiramahirwe alivaa glavu zake. "Leteni vyuma," alisema.

Sasa Umwiza ndiye anayeliendesha tanuru, na mama yake anasimamia wanawake wanaotayarisha kalibu. Nyumbani, hata hivyo, Nyiramahirwe bado anapika maharagwe juu ya makala kidogo. Anasema ya umeme hayana ladha. Bashige akija kula humcheka hadi machozi, kisha husogeza sahani aongezewe.