Mbingu Tupu ya Marafa

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, japo ningependa kuisahau. Ilikuwa miaka ya themanini, kiangazi kimekolea, nami msichana wa Mambrui mwenye cheti kipya na kiburi cha kutosha nyumba nzima. Nilifanya kazi juu huko Marafa, kwenye dishi la Mwalimu Karisa, lile la kunasa mawimbi ya redio yatokayo mbinguni.

Mwalimu Karisa alikuwa mtu wa Kaloleni, aliyesoma mpaka nywele zikamwisha. Alikuwa akitafuta galaksi moja, yaani kundi kubwa la nyota, ya mbali mno, hafifu mno, jicho haliioni. Mawimbi yake ni mafupi, milimita chache tu, na dishi huyapokea hata mchana kweupe. Adui ni unyevu: mvuke wa hewani nao hutoa mawimbi kama hayo, ukaifunika galaksi. Ndiyo maana tulijitenga na bahari tukapima kiangazi tu. Kipokezi, kile chombo cha kuyapima mawimbi dishini, kilikuwa cha kuazima, kirudishwe mvua zikianza.

Kazi ilikuwa hivi. Dakika kumi unalielekeza dishi kwenye galaksi, unaandika. Dakika kumi unaligeuza pembeni, kwenye mbingu tupu, unaandika. Unatoa hili katika lile, na kinachobaki ndicho cha galaksi. Wiki baada ya wiki! Mie niliona upuuzi. Kupima pasipo na kitu, jamani?

Basi Mwalimu akashikwa na homa, akaniachia kazi siku tatu. Siku hizo hizo Mambrui kuna harusi ya binti ya ami yangu. Lori la mahindi lilikuwa likiteremka kila siku saa nane mchana na kupanda tena alfajiri. Nikilikosa, nimekosa hina, nimekosa kupamba, na nguo nimeshashonewa. Siku zote tatu nikapima galaksi tu. Upande wa mbingu tupu nikanakili tarakimu za wiki iliyopita, na kila mchana nikapanda lori. Nilicheza chakacha, mwanangu, mpaka kiuno kikauma.

Kumbe hewa ya siku zile tatu ilikuwa na unyevu zaidi kuliko ya wiki niliyonakili, na unyevu uliozidi haukutolewa, ukahesabiwa kuwa galaksi. Mwalimu alipopona akapiga hesabu, na kwenye mchoro pakatokea kinundu, alama aliyokuwa akiingojea. Mtu mzima yule alilia kwa furaha.

"Binti yangu, tumeipata!"

Tumeipata, ati, mimi na yeye. Nilijua palepale pana walakini. Aibu ikanifunga mdomo, nikasema moyoni nitamwambia kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Akawaandikia wenzake wa ng'ambo wenye dishi kubwa, nao baada ya miezi wakajibu kwamba hawakuona kinundu kikubwa kama kile. Mwalimu akaandika barua ya kukiri kosa kwa jina lake peke yake. Kipokezi kilikuwa kimesharudishwa.

Miaka miwili nilinyamaza. Niliposikia anaumwa sana nikaenda Kaloleni. Nilimkuta kitandani, karatasi zile zile za vipimo mapajani, anatafuta alipokosea kujumlisha. Mkewe aliniambia hana kazi nyingine tangu barua ile. Nikamwamkia shikamoo, nikapiga magoti, nikamweleza yote.

Hakunifokea. Aliuliza tu, "Siku zipi?"

Nikamtajia. Akazikata moja moja, akapiga hesabu upya. Kinundu kikatoweka. Siku zilizobaki hazikutosha kusema galaksi hafifu vile ipo au haipo.

"Sasa sitajua," akasema. Kisha akanitazama. "Siku ile nilipofurahi, mvua zilikuwa bado wiki tatu. Tungepima tena, binti yangu. Ulikuwa wapi?"

Alinisamehe kwa kinywa chake, na wiki ile ile tukamzika. Msamaha wake haujaniondolea uchungu.

Mwanangu, ukilipua kazi, sema. Usingoje ujasiri, hauji. Sema ungali unaona haya, hata sauti ikikukatika, maadamu wa kutengeneza yupo na muda wa kutengeneza upo. Utafokewa, utalia, yatapita. Na sehemu ya kazi usiyoiona maana, uliza kabla hujairuka; mie sikuuliza.

Mungu akujaalie ulimi mwepesi wa kukiri, akupe wakubwa wa kukusikiliza, na asikupigishe magoti mbele ya mtu ambaye muda wake umekwisha. Amin.