Nilipoiambia Kompyuta "Naomba"

Mwanzoni mwa miaka ya themanini ofisi yetu ya mradi wa maji, kule Ruvu, ililetewa kompyuta. Mimi nilikuwa mpiga chapa, elimu yangu darasa la saba. Nilipoiona inashushwa kwenye Landrova, imeviringishwa blanketi kama mgonjwa, hapo hapo nikajiona nimeshakaa mbele yake, nimesuka vizuri, watu wananiita opareta. Jioni nilimsimulia mama nyumbani Visiga. Naye akawasimulia wenzake kwenye foleni ya sukari: mwanangu anakwenda kuzungumza na mashine.

Fundi kutoka Dar alitufundisha wawili, mimi na karani wa stoo. Maneno ya kuiamuru alikuwa ameyageuza yawe ya Kiswahili.

"Mnaandika mstari mmoja tu," alisema. "Neno la kwanza ni kazi: chapa, futa, nakili. Neno la pili ni kitu cha kufanyiwa kazi hiyo. Mwisho mnaweka kistari na herufi, kuieleza ifanyeje. Msipoieleza, itafanya ilivyozoea. Haiulizi."

"Hata kidogo?" nikauliza.

"Dada, hii siyo shangazi yako."

Nilicheka kuliko wote. Wiki nzima nilikariri mistari ile, hata nikichuja nazi.

Siku ya majaribio Ndugu Meneja alikuja mwenyewe. Mmoja wetu angebaki na kompyuta, mwingine arudi kwenye kazi yake ya zamani. Karani alitangulia, akachapa orodha ya mabomba, safi kabisa. Nikakaa mimi.

"Haya binti, iambie itoe zamu za pampu, za leo tu."

Nilijua. CHAPA, halafu ZAMU, halafu kistari na L, maana yake leo. Lakini mzee yule alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua, na kwetu hata mdogo wako humtumi dukani bila kumwambia naomba. Vidole vikaandika vyenyewe: NAOMBA CHAPA ZAMU -L.

Kioo kikajibu: NAOMBA?

Neno la kwanza ni kazi, na kazi inayoitwa naomba haikuijua.

"Inakuuliza unaomba nini!" karani akapasuka kwa kicheko.

"Piga goti kwanza, dada!" akadakia dereva mlangoni.

Meneja naye alicheka, tena kwa upole, na upole ule ndio ulioniunguza masikio. Nikataka kicheko kiishe upesi. Nikaandika CHAPA ZAMU, nikabonyeza. Kistari nimekisahau.

Haikuuliza. Ikaanza kuchapa zamu zote, tangu za mwezi wa kwanza.

Karatasi ilikuwa boksi moja tu, Meneja mwenyewe alizunguka ofisi za Dar mpaka akaipata. Sasa ilikuwa inamwagika sakafuni, mkunjo kwa mkunjo. Nikaandika ACHA. Nikaandika BASI. Wapi! Mwisho nikaiwekea mkono mgongoni, kama mtu anayembembeleza mtoto anayelia. Hakuna aliyecheka tena. Fundi alikuwa kwenye pampu; alipoitwa, akaja mbio akachomoa waya, boksi limebaki na karatasi za kuokoteza.

Meneja aliinama, akaanza kukunja yale makaratasi mwenyewe. Nikapiga magoti nimsaidie, akanizuia.

"Acha tu. Kesho urudi kwenye taipureta, mwanangu."

Angenifokea ningepata pa kushika. Lile neno mwanangu lilinifuata barabara nzima ya Morogoro.

Nyumbani mama alikuwa amekaa na majirani wawili, wananisubiri. Nikawaamkia.

"Marahaba. Enhe, leo imekusikia?"

"Imenisikia, mama."

"Si niliwaambia!"

Walipoondoka nikamweleza yote, mpaka lile goti la dereva. Hakunigombeza. Aliendelea kuchambua mchele, akitoa mawe moja moja, halafu akaniuliza taratibu:

"Sasa kesho kwenye foleni nitawaambia nini?"

Nikachukua ungo mikononi mwake, nichambue mimi.